Gitaa la Kanisani Linaharibikia Kwenye Waya

Mzee wa kanisa akilalamika kwamba gitaa linapiga kelele, fundi mitambo hushusha volyumu, mpiga gitaa hununa, na Jumapili inayofuata malalamiko ni yaleyale. Kinachoumiza masikio ya washarika mara nyingi ni ukali wa sauti, na sauti kali ukiishusha inabaki kali. Naamini makanisa yetu mengi yana wapigaji wazuri kuliko tunavyowasikia. Fedha inayochangishwa kununua gitaa jipya ingefanya kazi kubwa zaidi kwenye zile mita chache zilizo kati ya gitaa na spika.

Angalia mpango uliozoeleka: waya mmoja mrefu unatoka kwenye gitaa, unapita chini ya zulia la madhabahu na kuchomekwa moja kwa moja kwenye miksa iliyo nyuma ya kanisa, mita 15 au 20. Pikapu za kawaida, zile sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba chini ya nyuzi, hutoa umeme dhaifu unaotaka kupokelewa na kifaa chenye ukinzani wa megaomu 1 hivi. Mlango wa laini kwenye miksa kwa kawaida una kiloomu 10 au 20. Hapo sauti za juu zinamezwa, na waya mrefu unazidi kuzimeza. Ukipita mita 6 unaanza kulisikia gitaa likififia. Fundi mitambo naye, akitaka lisikike, anapandisha trebo, yaani sauti za juu, hadi mwisho. Ukali umezaliwa hapo, wala si kwenye vidole vya mpigaji.

Dawa yake ni kisanduku cha DI, kinachopokea umeme dhaifu wa gitaa na kuuandaa kwa safari ya hadi kwenye miksa, kiwekwe karibu na miguu ya mpiga gitaa. Waya wa gitaa wa mita 3 unaingia kwenye DI, kisha waya wa maiki, wenye pini tatu, ndio unaosafiri hadi kwenye miksa na kuingia mlango wa maiki. Waya huo unaweza kwenda mita 30 bila shida. Kwa gitaa lisilo na betri ndani, chukua DI inayotumia umeme. Nyingi hupata umeme wake kutoka miksa, kwa swichi ya volti 48. Usipoibonyeza, wala kuweka betri, DI inakaa kimya na watu wanadhani ni mbovu. Zima chaneli kwanza ndipo ubonyeze, maana mlio wake unaweza kuumiza spika.

Mwenye pedali ya efekti nyingi, kile kifaa cha mguuni cha kubadilisha sauti ya gitaa, amekwisha kuvuka tatizo hilo, kwa kuwa mlango wa pedali umetengenezwa kwa ajili ya gitaa. Lake ni jingine. Spika ya ampu (kikuza sauti) ya gitaa, ya inchi 10 au 12, huanza kukata sauti zinazozidi kilohezi 5 hivi. Spika za kanisa zina twita, spika ndogo za sauti za juu, zinazotoa hadi kilohezi 15 na zaidi. Ukipitisha distoshani, ile sauti ya gitaa yenye mkwaruzo, humo bila kitu cha kukata, waumini wanasikia nyuki waliofungiwa kwenye kopo. Karibu kila pedali ya kisasa ina sehemu inayoiga kabati la spika: iwashwe daima unapoingia kwenye miksa, izimwe unapoingia kwenye ampu. Kama huna kabisa, acha distoshani nyumbani na upige sauti safi. Kwenye chaneli ya gitaa, bonyeza pia kitufe cha kukata besi, kile cha hezi 80 au 100, kwa sababu huko chini wanakaa gitaa la besi na dramu kubwa.

Sasa ngurumo, ule mvumo usiokoma kwenye spika. Umeme wetu ni wa hezi 50, na pikapu zenye koili moja huunasa, hasa ukisimama karibu na transfoma au taa za kupunguzwa mwanga. Geuka robo mzunguko usikilize: ikipungua, chanzo ni pikapu. Isipobadilika kabisa, tafuta kwenye umeme wenyewe. Hapa nasisitiza kwa nguvu zote: usikate pini ya ethi ya plagi ili kuondoa ngurumo, na usichomeke plagi ya pini mbili kwenye soketi ya tatu kwa kutumbukiza kalamu kwenye tundu la juu. Nyuzi za gitaa zimeunganishwa na ethi kupitia daraja la gitaa. Ampu ikipata hitilafu bila ethi, umeme unafika kwenye nyuzi, na mpigaji anayeimba huku mdomo ukigusa maiki anakuwa njia yake. DI ina swichi ndogo ya kukata ethi ya sauti peke yake. Hiyo ndiyo ya kubonyeza.

Pedali nyingi zinataka adapta ya volti 9, hasi ikiwa katikati ya kichwa chake. Adapta nyingi za vinanda vidogo huwa na volti 12 na chanya ndiyo ya katikati, ilhali kichwa chake wakati mwingine kinaingia kwenye pedali bila kulazimishwa na kinaweza kuiharibu. Andikeni majina kwenye adapta kwa kalamu ya wino mzito.

Kuhusu mwangwi nina msimamo: kanisa lenye bati, kuta za plasta na sakafu ya vigae lina mwangwi wa kutosha, pedali ya mwangwi ibaki karibu na sifuri. Kinachosikika kitamu kwenye hedifoni chumbani, humo ndani kinakuwa ukungu. Dilei, inayorudia noti baada ya muda uliopangwa, inahitaji hesabu zaidi. Mtindo wa kurudisha noti kwa robo tatu ya pigo, uliosambazwa na The Edge, mpiga gitaa wa bendi ya U2, na kupendwa sana katika nyimbo za kuabudu za Australia na Marekani, unakaa vizuri kwenye wimbo wa nne kwa nne: mapigo 72 kwa dakika ni milisekunde 625. Lakini nyimbo zetu nyingi za kuabudu zinakwenda sita kwa nane, na humo pigo limegawanyika mara tatu. Robo tatu inaangukia pasipo na kitu, na waimbaji wanaanza kuyumba bila kujua kwa nini. Weka theluthi: kwa mapigo 60 kwa dakika, milisekunde 333.

Mapambio yakifika kwenye sebene, sehemu ya kucheza inayoongozwa na magitaa, mpiga gitaa mmoja hujaribu kubeba kazi ambayo bendi za Kongo huwagawia watu watatu: solo, mi-solo na rizimu. Kinanda tayari kimeshika rizimu. Chukua mi-solo, mstari mfupi unaojirudia, kwenye nyuzi tatu nyembamba. Kwa mzunguko wa kodi G, C, D, C, ukihesabu kutoka uzi wa tatu kwenda wa kwanza: G ni freti 7, 8, 7, C ni 9, 8, 8, D ni 11, 10, 10. Mkono hautoki kati ya freti 7 na 11, na huzigusi noti za chini ambako mkono wa kushoto wa kinanda unafanya kazi. Solo ije pale waimbaji wanaponyamaza.

Na mpiga kinanda akikwambia “tupo C”, tazama kwanza namba ya transpozi, yaani ya kuhamisha ufunguo, kwenye skrini yake. Ikiwa 3, vidole vyake viko C lakini kanisa linasikia E bemoli. Unaweza kufunga kapo, kibano cha shingo ya gitaa, freti ya 3 na kupiga maumbo ya C kama yeye. Shida inakuja kiongozi wa sifa anapopandisha ufunguo nusu hatua katikati ya wimbo: mwenzako anabonyeza kitufe mara moja, wewe kapo imekubana. Mwenye maumbo ya nyuzi tatu hana uzi ulio wazi hata mmoja. Kama alikuwa G, ile 7, 8, 7 inakuwa 8, 9, 8, na wimbo unaendelea.