Hilux, D-Max na Babu wa Mambrui

Mimi na shemeji yangu hatujawahi kugombania shamba wala urithi. Tunagombania pikapu. Yeye ana D-Max ya juzijuzi. Mimi nina Hilux ya 1994, dizeli ya 2.8, iliyopigwa na jua la Malindi hata huwezi kujua pale palipo pekundu ni rangi au ni kutu.

Kila Ijumaa baada ya swala, kahawa ikimiminwa tu, kesi inafunguliwa. Mimi husema Hilux yangu ina springi za vyuma bapa mbele na nyuma, na ekseli ya mbele ni moja nzima. Ikileta tabu, fundi yeyote wa Marafa anaimaliza chini ya mwembe. Yeye hujibu kwamba D-Max zinaundwa hapo Nairobi, spea tele, na mbele ina koili. "Abiria wangu hawashuki wameshika viuno, bwana."

Mwisho muuza kahawa alichoka. "Nendeni Mambrui mkamalizane mchangani, mtuachie baraza yetu."

Jumapili tukavuka daraja la Sabaki, na kwenye saa nne tulikuwa ufukweni. Mwezi mpevu ulikuwa umepita siku mbili, maji ya bamvua, bahari imekupwa huko mbali kama imehama. Mtoto wa pwani anajua kuwa maji yaliyokupwa hivyo hurudi kwa kishindo. Mimi siku hiyo sikuwa mtoto wa pwani, nilikuwa mtetezi wa Hilux.

Shemeji akashuka, akapunguza upepo wa tairi zote nne mpaka kama paundi 18. Mimi nikamcheka. Nikavuta gia ya fowili, ile ya kuzungusha tairi zote nne, nikasikia "kak!", nikakanyaga mafuta.

Nilikwenda hatua kama thelathini. Tairi za nyuma zikaanza kuchimba kisima. Za mbele zimetulia tuli, kama bibi harusi. Shemeji akanipita, akageuza, akarudi, akasimama ubavuni na kuzima injini ili anisikie vizuri nikilaumu mchanga, dizeli na jua.

Akanivuta kwa kamba ya nanga tuliyoazima. Ikakatika. Tukatafuta nyingine, maji nayo yanajongea. Kufikia saa nane povu lilikuwa linalamba bampa, na vijana wa ufukweni wameshakaa kivulini kungoja mwisho wa habari.

Ndipo akaja mzee mmoja mvuvi, kikoi kiunoni, samaki aina ya kolekole mkononi. Akalizunguka gari mara moja. Akachutama kwenye gurudumu la mbele, akapangusa mchanga kwa kidole gumba.

"Mwanangu, hizi habu umeziloki?"

Nikaangalia baharini.

Kumbe kwa Hilux za zamani kama yangu, ile gia ya ndani ni nusu ya kazi. Lazima ushuke uzungushe kwa mkono kile kiduara katikati ya kila gurudumu la mbele, la sivyo nguvu haifiki tairini. Miaka sita ninajisifu barazani kwa fowili ya tairi mbili.

"Niliendesha moja kama hii huko Gongoni, kwenye mashamba ya chumvi," mzee akasema, huku akivigonga viduara kwa jiwe maana vilishashika kutu. Vikalia, vikazunguka. Tukatoa upepo, tukalaza makuti chini ya tairi, vijana saba wakasukuma, wimbi moja likatusaidia kwa nyuma. Hilux ikatoka kama mbuzi aliyekatikiwa kamba.

Pesa mzee alikataa, akataka lifti tu mpaka kwake. Akaitazama Hilux, akaitazama D-Max, kisha akaingia kwa shemeji na kuteremsha kioo.

"Gari lako zuri sana, mwanangu. Ninayemwogopa ni dereva."

Kolekole wake ndiye aliyepanda Hilux.