Estelle Reel na watoto ambao wazazi wao hawakuwa na kura

Baba yangu alifundisha darasa la nne kwa miaka kumi na mmoja kabla hajaitwa wilayani kuwa mkaguzi wa shule. Nilikuwa mdogo, ila nakumbuka jioni ile pikipiki ya serikali ilipoegeshwa uani kwetu, na nakumbuka zaidi maneno ya mama: "Baba Neema, watoto wako sasa wameongezeka." Hakumpongeza. Alimkumbusha tu.

Tangu hapo habari za walimu walioacha chaki wakapewa ofisi hazinipiti. Kwetu wapo wengi, na wawili tunawajua sote: mwaka 1955 Nyerere aliacha kufundisha Pugu, na mwaka huohuo Moi, mwalimu mkuu, akaingia Baraza la Kutunga Sheria la Kenya. Lakini leo nataka kumzungumzia mwanamke wa mbali, Estelle Reel wa Wyoming, Marekani. Maisha yake yananiumiza kichwa kwa sababu nusu ya kwanza naipenda kweli, na nusu ya pili siwezi kuisamehe.

Alizaliwa Illinois mwaka 1862, akafika Cheyenne, mji mkuu wa Wyoming, mwaka 1886. Kaka yake alikuwa mfugaji mkubwa wa ng'ombe huko na aliwahi kuwa meya wa mji. Wamarekani huwasifu watu wa namna hiyo kuwa watangulizi, waliofungua nchi. Kiswahili kina neno lake kwa watu hao, walowezi, na sisi ambao babu zetu waliishi nao tunajua kwamba nchi haikuwa imefungwa. Ilikuwa na wenyewe.

Jimbo la Wyoming ni kubwa kidogo kuliko Uganda. Sensa ya mwaka 1890 ilikuta humo watu 62,555, pungufu ya wanaojaa uwanja wa mpira wa Dar es Salaam na barabara zinazouzunguka siku ya watani wa jadi. Majira ya baridi ya kwanza aliyoyakuta Reel, ya 1886 kuingia 1887, yaliua ng'ombe wengi kiasi cha kuwafilisi wafugaji waliojiona matajiri. Shule za mashambani zilikuwa chumba kimoja, mwalimu mmoja, watoto wa kila umri wakizunguka jiko la kuni. Reel alifundisha mjini, na mwaka 1890 akagombea usimamizi wa shule za kaunti ya Laramie. Akachaguliwa, na miaka miwili baadaye akachaguliwa tena.

Mwanamke kugombea? Ndiyo. Sheria ya tarehe 10 Desemba 1869 iliwapa wanawake wa Wyoming haki ya kupiga kura na kushika ofisi, miaka zaidi ya hamsini kabla ya wanawake wa Marekani nzima. Bunge hilohilo lilipitisha sheria kwamba mwalimu mwanamke na mwalimu mwanamume wenye sifa sawa wasitofautishwe katika mshahara. Mwaka 1869! Na Wyoming ilipokubaliwa kuwa jimbo kamili, Julai 1890, iliingia na kura za wanawake wake. Kwa hiyo Reel hakuomba fadhila kwa mtu. Aliomba kura kwa baba na mama za watoto.

Cheo chenyewe kilikuwa cha vumbi. Msimamizi wa kaunti aliwatahini walimu na kuwapa vyeti, alizunguka kukagua shule, aligawa fedha na kuandika ripoti za kupeleka juu. Kaunti ya Laramie ya wakati ule ilikuwa kubwa kuliko ya sasa, kwani ilikuwa bado haijamegwa. Kutoka shule hadi shule ni safari ya kigari cha farasi, na barafu ikianguka hakuna njia. Hapa namwona baba yangu kabisa. Ukaguzi wa kweli si fomu. Ni kuingia darasani ukiwa na vumbi la njiani, ukaona dawati lililovunjika, ukamwona mtoto asiye na kalamu, ukajua kabla ya kuambiwa kwamba mwalimu huyu amekata tamaa.

Mwaka 1894 alipanda tena, akachaguliwa msimamizi wa elimu wa jimbo zima. Wapo wanaoandika kwamba alikuwa mwanamke wa kwanza Marekani kuchaguliwa ofisi ya jimbo, lakini heshima hiyo ni ya Laura Eisenhuth wa North Dakota, aliyeshinda mwaka 1892, naye pia mwalimu aliyepitia usimamizi wa shule za kaunti. Magazeti ya mashariki yalipenda hadithi kwamba Reel alibebwa na wachunga ng'ombe makapera walioona picha yake. Hadithi za aina hii hata kwetu tunazijua: mwanamke akishinda, watu hutafuta sababu nyingine isipokuwa kazi yake.

Na kazi ilikuwepo. Katika sehemu ile ya Marekani ardhi ilipimwa kwa miraba ya maili sita kwa sita, kila mraba ukagawanywa vipande 36 vya ekari 640. Wyoming ilipewa kipande namba 16 na namba 36 katika kila mraba kwa ajili ya shule. Ardhi hizo zilikodishwa, nyingi kwa wafugaji, na kodi ikalipia elimu. Reel alishiriki kusimamia ukodishaji huo, na mapato ya shule yalikuwa hoja aliyoishikilia. Mtaalamu yeyote wa elimu kwetu anayelilia ruzuku inayochelewa angemwelewa mara moja. Hapo ndipo wimbo wa sifa ungeweza kuisha, na mahali pengi unaishia hapo.

Mwaka 1898 Rais William McKinley alimteua kuwa msimamizi wa taifa wa shule za Wenyeji wa Asili wa Amerika, Seneti ikamthibitisha. Sasa watoto wake hawakuwa tena wa walowezi. Walikuwa watoto wa Wanavajo, Walakota, Wahopi, mataifa mengi yaliyonyang'anywa ardhi, na wengi wao walikaa katika shule za bweni mbali na kwao. Sheria ya mwaka 1893 iliruhusu serikali kuwanyima mgao wa chakula wazazi waliokataa kuwatoa watoto. Fikiria mzazi anayewekewa mtoto upande mmoja na unga upande wa pili.

Reel aliunga mkono kuwalazimisha watoto kwenda shule hizo. Mwaka 1901 alitoa mtaala mmoja kwa shule zote za Wenyeji. Masomo yamepangwa kwa alfabeti, na kusoma na hesabu vimo, ila vimezungukwa na kilimo, uokaji, useremala, uhunzi, kushona, kufua, kupika. Nusu ya siku darasani, nusu ya siku kazini. Chini ya mpango huo kulikuwa na imani yake kwamba mtoto wa Wenyeji, kwa maumbile yake, ana uwezo mdogo wa akili, basi afundishwe yatakayomfaa mtumishi na kibarua. Nikiri jambo moja: alitaka pia watoto wafundishwe kusuka vikapu na kufuma kwa ufundi wa mama zao, wakati ambapo wenzake wengi walitaka kila kitu cha Wenyeji kifutwe. Lakini hata vikapu hivyo vilihesabiwa zaidi kama bidhaa ya kuuza.

Nitaambiwa nisimhukumu mtu kwa macho ya leo, maana wakati wake ndivyo watu walivyofikiri. Sikubali. Mwaka 1889 Susan La Flesche, binti wa taifa la Omaha, alihitimu udaktari Philadelphia akiwa wa kwanza katika darasa lake. Mwaka 1890 Charles Eastman, Mdakota, alihitimu udaktari Boston. Hao ni watu waliojulikana, hawakuwa siri. Zaidi ya miaka kumi kabla ya mtaala wa 1901, ushahidi ulikuwa umeshasimama mlangoni umevaa koti la daktari. Mwalimu aliyezoea kutahini watu kwa majibu yao angepaswa kuuona.

Wala tatizo si jembe. Baba yangu alilipenda shamba la shule kuliko wanafunzi walivyolipenda, na alisimama na Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 mpaka alipostaafu. Ila Nyerere alitaka jembe lishikwe na watoto wote, pamoja na watoto wa wakubwa, ili msomi asimdharau mkulima. Reel hakuwaandikia watoto wa walowezi wa Cheyenne mtaala ule. Kufua nguo kukiwa somo la watoto wa kabila moja tu, hilo si somo tena, ni mipaka waliyochorewa.

Kwa nini mtu yuleyule, mwenye bidii ileile, aliyekuwa bado akisafiri kukagua shule kwa reli na kwa gari la farasi, alifanya vizuri kule na vibaya huku? Nimefikiri sana na jibu langu ni la kawaida kabisa. Laramie angeweza kung'olewa. Mzazi aliyechukizwa na shule ya mwanawe alikuwa na karatasi ya kura, awe baba au mama. Shule za Wenyeji aliteuliwa kutoka Washington, na wazazi wa watoto wale wengi wao hawakuwa hata raia wa nchi iliyowachukulia watoto. Sheria ya kuwapa Wenyeji wote uraia ilipita mwaka 1924. Hakuwepo mtu wa kumuuliza Reel, "Mwalimu, mwanangu umemfundisha nini?" na jibu likawa na madhara kwake. Naamini nia njema ya mwalimu ni kitu kikubwa, nimelelewa nayo. Lakini sikubali tena kwamba inatosha bila mzazi mwenye nguvu ya kuuliza.

Mwaka huohuo wa 1924 tume ya Phelps-Stokes, mfuko wa hisani wa Marekani, ilizunguka Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar kushauri namna ya kumsomesha Mwafrika. Kiongozi wake, Thomas Jesse Jones, aliwahi kufanya kazi Hampton, Virginia, chuo kilichoanzishwa mwaka 1868 kwa ajili ya Waamerika weusi na kikapokea Wenyeji kuanzia 1878. Huko ndiko mafunzo ya mikono yalikofanywa kuwa jibu kwa watu wasio weupe, na Reel alichota katika kisima hichohicho. Mwaka uliofuata ikaanzishwa Jeanes, shule ya kufunza walimu, pale Kabete, karibu na Nairobi, kwa mtindo huo. Sisemi mtaala wa Reel uliletwa kwetu kwenye sanduku. Nasema babu aliyeambiwa useremala unamtosha, na msichana wa Kihopi aliyeambiwa kufua kunamtosha, walihukumiwa kwa fikra moja. Bahati yetu ni kwamba wazee wetu walibisha. Wakikuyu walijenga shule zao huru kwa michango yao wenyewe, wakitaka watoto wafundishwe Kiingereza mapema. Walikuwa wamekielewa kilichokuwa kinafichwa.

Huko Marekani, ripoti ya Meriam ya mwaka 1928, uchunguzi wa hali ya Wenyeji, ilieleza waziwazi kwamba watoto katika shule za bweni za Wenyeji walilishwa vibaya na kufanyishwa kazi kupita kiasi. Mwaka 2024 serikali yao ilitaja shule 417 za mfumo huo kati ya 1819 na 1969, na watoto wasiopungua 973 waliofia humo. Miaka hiyo ni mingi kuliko kumi na miwili ya Reel, na vifo hivyo siwezi kumbebesha yeye peke yake. Lakini alikuwa mkuu wa shule hizo, na watoto walikuwa wake, kama mama alivyomwambia baba.

Alitoka ofisini mwaka 1910, akaolewa na mfugaji, akahamia Toppenish, jimbo la Washington. Huko aliishi mpaka alipofariki mwaka 1959 akiwa na miaka 96. Mji wa Toppenish umo ndani ya eneo la taifa la Yakama. Magharibi mwake kuna Fort Simcoe, ngome ya zamani ya jeshi iliyogeuzwa shule ya bweni ya watoto wa Kiyakama, nayo haikufungwa mpaka 1922. Reel alikuwa ameshakaa miaka mingi jirani na watu hao wakati watoto wao wakiendelea kusoma huko.