Gari la umeme likivuma, mota ndiyo ya kwanza kuhukumiwa

Gari linavuma "mmmm" mfululizo, na kabla hata halijapigwa jeki, fundi keshasema mota imekufa. Jamani! Liegeshe kwanza, uzime AC. Mvumo ukikata, shuku kompresa ya AC au feni. Ukibaki, sikiliza pampu ya maji ya kupozea: mara nyingi mfumo umeingia hewa tu. Nyaya za rangi ya chungwa usiziguse, ni za umeme mkubwa.

Kama linavuma likitembea tu, tafuta barabara tupu, nenda 60 kwa saa, uliyumbishe taratibu kushoto na kulia. Kelele ikizidi ukikata kushoto, shuku beringi ya gurudumu la kulia, maana uzito umehamia huko. Isipobadilika, simama upitishe kiganja juu ya tairi. Kashata, yaani vile vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara, zikiwa zimelika kwa mawimbi, umempata mwizi. Hakuna injini ya kufunika sauti, kwa hiyo kila kitu kinasikika.

Na ule mvumo wa mwendo mdogo, unaopotea baada ya kilomita 20 kwa saa? Hiyo ni spika ya kuwatahadharisha waenda kwa miguu. Ulaya ni lazima kwa magari mapya yote ya umeme tangu Julai 2021. Halafu mtu anashushiwa mota kwa ajili ya spika!