Shemeji na puto la maji

Ukilitoboa puto lililojaa maji, mpira hujikunyata na kukimbia kabla maji hayajapata habari. Kwa kitambo kidogo mno maji hubaki hewani na umbo lilelile la puto, kama msinziaji aliyenyang'anywa shuka. Picha hiyo nikaitamani.

Harold Edgerton, mhandisi wa chuo cha MIT huko Marekani, alinasa kwa picha risasi ikitoboa tofaa mwaka 1964. Mbinu yangu ilikuwa ya ukoo huohuo: chumba giza totoro, shata ya kamera (kile kilango cha kuingiza mwanga) wazi, flashi ndiyo inayokata muda. Ukiipunguza nguvu hadi mwisho, mmweko wake hauchukui hata sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde. Wa kuiamuru ni kipaza sauti: kikisikia "pa!", mwanga.

Tatizo la kipaza sauti ni kwamba hakichagui maneno. Na mshika sindano alikuwa shemeji yangu, mwenye mafua.

"Shemeji, tayari?"

Mwanga! Kumbe kimenisikia mimi. Nikafunga shata, nikaanza upya. Shemeji akakohoa. Mwanga!

"Samahani, shemeji." Mwanga!

"Usiombe samahani!" Mwanga!

Tukawa mabubu. Gizani nikasikia pumzi yake inapanda, inapanda, inakwama. Nikajua. Ungefanya nini? Kumwambia "jizuie" nayo ni sauti.

"CHYAAA!"

Mwanga ukawaka, mkono ukaruka, sindano ikapata puto. Kipaza sauti kilikuwa kimeshatimiza wajibu wake kwa raundi ile, kwa hiyo puto likapasuka gizani bila shahidi ila suruali yangu. Maji mengine yalikwenda kwenye zulia, na mengi kwa shemeji.

Mke wangu akaja na taa. Tukaitazama picha sote watatu. Ni kali ajabu: macho yamefumbwa, mdomo wazi, matone yametapakaa hewani, kila moja limesimama mahali pake, la duara, linang'aa. Pembeni kabisa puto liko zima, linangoja zamu yake.

"Yaani zulia langu limeloa kwa ajili ya makamasi ya kaka yangu?"

Sikujibu. Shemeji, maji yakimtiririka hadi kwenye viwiko, aliikuza picha, akaukagua uso wake, kisha akaomba tumpige nyingine. Chafya ile, anadai, ilimkuta hajajiandaa.