Kumtendea haki Hasheem Thabeet

Kila mwaka ligi ya NBA inapokaribia kufanya drafti, yaani siku ambayo timu huchagua chipukizi kwa zamu, huibuka orodha za wachezaji wanaodaiwa kuwa makosa makubwa kuliko yote katika historia ya uchaguzi huo, na kila mwaka jina la Hasheem Thabeet huwekwa karibu na kilele cha orodha hizo. Nimezisoma kwa zaidi ya miaka 10, na bado naona zinachukua usiku mmoja wa maisha ya mtu na kuufanya kuwa maisha yake yote. Huyu ni Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987, akaanza kucheza kikapu akiwa na umri wa miaka 15 hivi, na zaidi ya miaka 10 baada ya usiku ule bado alikuwa akilipwa kwa kucheza mchezo huo, baada ya kupita miji mingi ya Marekani, kisha Japani, kisha Taiwan. Naamini kazi hiyo inastahili kusomwa upya kwa urefu wake.

Usiku wenyewe ulikuwa wa tarehe 25 Juni 2009 jijini New York, na huku Afrika Mashariki ilikuwa tayari usiku wa manane wa kuamkia tarehe 26. Los Angeles Clippers walimchukua Blake Griffin. Memphis Grizzlies, waliokuwa na zamu ya pili, wakamchukua Thabeet, kijana wa sentimita 221 aliyekuwa ametoka kumaliza mwaka wa 3 katika Chuo Kikuu cha Connecticut. Baada yake James Harden alichaguliwa wa 3, na Stephen Curry alisubiri mpaka nafasi ya 7. Kejeli zote zimejengwa juu ya majina hayo mawili, ambayo baadaye yalikuja kuwa ya nyota wakubwa wa ligi. Wanaomkejeli husahau kwamba Minnesota walikuwa na zamu ya 5 na ya 6 kwa kufuatana, wakachukua walinzi wawili, yaani waongoza mpira kama Curry mwenyewe, na Curry akabaki amekaa. Husahau pia kwamba Memphis hawakumwokota Thabeet barabarani. Katika msimu wake wa mwisho chuoni alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi (mipira iliyokosa kapu akaidaka) 10.8 na mipira 4.2 aliyoizuia kwa kila mchezo, alikuwa mlinzi bora wa ligi yake ya Big East kwa miaka miwili mfululizo, na timu yake ilifika nusu fainali ya taifa. Aliyeitazama Connecticut mwaka ule atakumbuka jinsi washambuliaji walivyokuwa wakiingia chini ya kapu, wakainua macho, kisha wakageuka na kutoka na mpira wao.

Dalili za yatakayokuja zilikuwapo, lakini. Februari 2009 Connecticut, wakiwa namba moja nchini Marekani, walicheza na Pittsburgh mbele ya mashabiki wao. Pittsburgh walikuwa na DeJuan Blair, kijana mnene wa mabega, mfupi kwa Thabeet kwa sentimita 20 hivi. Katika kugombea ribaundi mikono yao ilinaswa, Blair akainama, akavuta, na yule jitu akapaa juu ya bega la mwenzake na kuanguka sakafuni kwa mgongo. Picha hiyo ilizunguka kila mahali. Blair alimaliza mchezo akiwa na pointi 22 na ribaundi 23, na Pittsburgh wakashinda. Nimeitazama mara nyingi, na kila mara jicho langu huenda miguuni kwa Thabeet: visigino vimekaribiana, magoti yamenyooka, uzito wote uko juu. Ni miguu ya mtu ambaye hakucheza kikapu utotoni. Mkono mrefu unaweza kuzaliwa nao, lakini kusimama chini ya kapu huku mtu wa kilo zaidi ya 100 akikusukuma kwa nyonga ni jambo la kujifunza kwa miaka, na miaka hiyo Thabeet hakuwa nayo.

NBA ilimwongezea tatizo jingine ambalo halizungumzwi vya kutosha. Chuoni senta, yaani mchezaji wa chini ya kapu, aliyejaliwa urefu anaruhusiwa kusimama chini ya kapu lake na kungoja. Katika NBA, mlinzi asiye na mtu wa kumkaba kwa karibu hawezi kukaa katika eneo la rangi, lile lililo mbele ya kapu, kwa zaidi ya sekunde 3. Akizidisha, timu pinzani hupewa mtupo huru. Kanuni hiyo moja ilimnyang'anya kijana yule makao yake. Sasa alitakiwa kutoka, kumfuata mtu wake mbali na kapu, kurudi mbio, kisha kutoka tena, na yote hayo kwa miguu ileile niliyoieleza. Juu ya hayo, Memphis walikwisha kuwa na Marc Gasol katika nafasi yake, na mnamo Julai 2009, wiki chache tu baada ya drafti, walimleta Zach Randolph, mtu mwingine wa kucheza chini ya kapu. Je, dakika za kujifunzia zingetoka wapi? Katika msimu wa kwanza alicheza michezo 68 kwa takriban dakika 13 kila mmoja, pointi 3.1, ribaundi 3.6. Februari 2010 alipelekwa Dakota Wizards katika ligi ya maendeleo, ligi ndogo ya NBA ya kukuza wachezaji, na wakati huo hakuna mchezaji aliyechaguliwa juu kiasi kile aliyewahi kushushwa huko. Magazeti yaliiandika habari hiyo kama fedheha. Kwangu mimi ilikuwa mara ya kwanza tangu afike kwa mtu yeyote kumpa uwanja wa kutosha wa kukosea.

Tarehe 24 Februari 2011, siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji, Memphis walimpeleka Houston pamoja na DeMarre Carroll na haki ya uchaguzi wa drafti ya baadaye, wakapokea Shane Battier na mlinzi mdogo wa sentimita 183 aliyeitwa Ish Smith. Naomba msomaji asimame hapa kidogo, kwa sababu katika biashara hii moja kuna somo zima la namna tunavyowapima wachezaji. Smith hakuchaguliwa na timu yoyote katika drafti ya mwaka 2010. Tangu siku ile aliendelea kuhamishwa, kutemwa na kusajiliwa upya, hata alipovaa jezi ya Denver Nuggets mwaka 2022 akawa mtu wa kwanza katika historia ya NBA kuchezea timu 13, na mwaka 2023 akatwaa ubingwa akiwa na timu hiyo. Leo watu humtaja Smith kwa heshima, wakimsifia uvumilivu na utayari wa kuanza upya kila kukicha. Wanaume wawili walibadilishana jezi siku moja. Wote wawili waliishi kwa masanduku. Mmoja aliyekuwa hatarajiwi chochote anaitwa shujaa wa kuhamahama, na mwingine aliyetarajiwa kila kitu anaitwa kosa, ingawa namba aliyobebeshwa iliandikwa na watu wengine ofisini bila yeye kuwamo.

Maisha yenyewe ya kuhamahama hayafanani na yanavyosimuliwa. Mchezaji wa daraja la juu huhama akitaka. Mchezaji wa mwisho wa benchi huhamishwa kwa sababu mshahara wake unasaidia hesabu za biashara fulani zilingane. Ndivyo ilivyotokea Machi 2012, Houston walipomtaka Marcus Camby kutoka Portland na kutoa Thabeet, Jonny Flynn (mmojawapo wa wale walinzi wawili wa Minnesota) na haki ya uchaguzi wa raundi ya pili. Thabeet alikuwa amecheza michezo 7 tu Houston, mji ambao alisoma sekondari baada ya kuondoka Tanzania. Portland alicheza 15. Kila kituo kina kocha mpya mwenye istilahi zake za ulinzi, wenzake wapya wanaotaka kujua katika mazoezi ya kwanza kama utaita kwa sauti mpinzani anapoweka kizuizi, yaani anaposimama kuziba njia ya mwenzako, na nyumba ya kupanga ambayo hujui kama utaimaliza hata kodi ya mwezi. Kwa mtu aliyechelewa kuanza, kila uhamisho ulikuwa kama kurudishwa darasa la kwanza katika shule nyingine.

Ndiyo maana nauthamini msimu wa 2012–13 akiwa Oklahoma City kuliko msimu mwingine wowote wa maisha yake, hata kuliko ile ya Connecticut. Oklahoma, waliokuwa na Kevin Durant, Russell Westbrook na Serge Ibaka, walishinda michezo 60 mwaka huo, na Thabeet alicheza 66. Hakuombwa awe nyota. Aliombwa aingie kwa dakika zisizozidi 12 hivi, aweke vizuizi kwa ajili ya Durant, achukue ribaundi zilizo karibu naye, azibe njia ya kapu, na akipewa mpira chini ya ubao autumbukize bila mbwembwe. Alifanya hivyo, na sehemu kubwa ya mitupo yake iliingia. Wastani wake wa pointi 2.4 hauwezi kumsisimua mtu anayesoma karatasi, lakini timu inayoshinda michezo 60 haimpangi mtu mara 66 kwa kumhurumia. Nilipokuwa nikiitazama michezo ile, kilichonifurahisha zaidi ni magoti. Alikuwa ameanza kuyakunja.

Mwaka 2014 Oklahoma walimpeleka Philadelphia, Philadelphia wakamtema kabla hajacheza hata dakika moja, Detroit wakamsajili na kumtema kabla ya msimu kuanza. Jumla yake ya NBA ilikomea kwenye michezo 224. Akashuka Grand Rapids, ligi ya maendeleo. Wengi walidhani hadithi imekwisha. Mwaka 2017 akaonekana Yokohama, Japani, akiwa na B-Corsairs. Kisha, akiwa amevuka miaka 30, akarudi tena ligi ya maendeleo akiwa na Fort Wayne Mad Ants, miongoni mwa vijana waliokuwa shule ya msingi alipochaguliwa. Kisha Taiwan, kwanza Hsinchu, baadaye Tainan. Hakuna kamera za dunia nzima katika kumbi hizo. Mtu aliyewahi kuitwa jina lake na kamishna wa NBA anapokubali kusafiri kwa basi kwenda kucheza Fort Wayne, anatuambia jambo kuhusu uhusiano wake na mchezo huu ambalo orodha za Juni haziwezi kutuambia.

Najua nitajibiwa kwamba alilipwa fedha nyingi kwa kazi ndogo, na kwamba mashabiki wa Memphis wana haki ya kuwaza wangekuwa wapi na Harden. Wana haki, kweli. Nami sidai kwamba Thabeet alikuwa mchezaji mkubwa wa NBA. Hakuwa, na takwimu zake haziachi nafasi ya ubishi. Ila ni vyema mashabiki hao wakumbuke pia kwamba Battier, aliyepatikana kwa kumtoa Thabeet, ndiye aliyetupia pointi 3 za kuwapa uongozi mwishoni mwa mchezo wa kwanza dhidi ya San Antonio Aprili 2011, siku Memphis waliposhinda mchezo wao wa kwanza kabisa wa hatua ya mtoano. Hata kwa hesabu baridi za biashara, hakupotea bure.

Kinachoniuma ni sisi wenyewe. Watanzania tulimshangilia mwaka 2009 kama bingwa wa dunia, na alipoanza kusugua benchi tukaazima kejeli za Wamarekani na kuzirudia kwa Kiswahili, kana kwamba tuna wengine kumi wa kumlinganisha naye. Baada ya Taiwan alirudi kucheza nyumbani, Dar es Salaam. Amekaa chini ya makocha wengi katika mabara mawili. Vijana warefu wanaochelewa kuanza wangalipo katika viwanja vya jiji hilo, wakisimama chini ya kapu na visigino vimekaribiana, magoti yamenyooka. Ningependa kocha mmoja amwite Thabeet jioni moja, amsimamishe kijana wa namna hiyo mbele yake, na amwombe aoneshe mguu unawekwa wapi mtu kama Blair anapoanza kuinama.