Nchi ya mwandishi aliye mbali ina mwaka wake

Oktoba 2021, Abdulrazak Gurnah, mwandishi mzaliwa wa Zanzibar anayeishi Uingereza, alipotangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, hata furaha haijatulia watu walishaanza kuvutana: huyu ni Mtanzania au si Mtanzania? Wapo waliomwita Mzanzibari, wapo waliomwita Mwingereza, na wapo waliokumbusha kwamba sheria ya Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Mabishano yale yalinikera, na bado yananikera. Swali la pasipoti ofisa wa uhamiaji hulimaliza kwa dakika chache. Mwandishi mwenyewe hukaa nalo maisha yake yote, tena akiliuliza kwa namna nyingine kabisa.

Nionavyo mimi, nchi ya mwandishi aliye mbali ina mwaka wake. Anayebaki nyumbani hubadilika pamoja na nchi siku hadi siku, hata asijitambue. Anayeondoka hubaki na nchi ya siku ile aliyoipa kisogo, na kila akikaa kuandika ndiyo inayomjia. Gurnah aliondoka Zanzibar akiwa na miaka 18, miaka michache baada ya Mapinduzi ya 1964, na hakuweza kurudi hadi 1984, ambapo alimwahi baba yake kabla hajafariki. Wanaosema mwandishi wa aina hiyo haijui nchi ya leo huenda wanasema kweli. Ila anaijua nchi ambayo wengi waliobaki walilazimika kuinyamazia ili maisha yaendelee. Kwangu huyo ni shahidi, na shahidi huulizwa alichokiona siku ya tukio, haulizwi jana alikuwa wapi.

Umbali una kazi nyingine pia. James Baldwin aliihama Marekani mwaka 1948 akiwa na miaka 24, akaenda Paris kuukimbia ubaguzi wa rangi. Baadaye, akiwa kwenye kijiji cha milimani huko Uswisi, akihangaika kumaliza riwaya yake ya kwanza, alikuwa na taipureta na santuri mbili za Bessie Smith, mwimbaji mweusi wa Marekani. Alipokuwa kwao hakuwa akimsikiliza Bessie Smith. Ulimwengu ule alikuwa ameuweka mbali naye. Ni katika theluji ya ugenini ndipo sauti ile ilipomrudishia usemi wa utotoni mwake, usemi aliokuwa ameufukia, na riwaya ikamalizika. Mtu amekimbia nchi, halafu nchi imemfuata kupitia gramafoni! Kila nikikumbuka habari hii naamini zaidi kwamba wako waandishi ambao wasingejijua ni akina nani kama wasingeondoka.

Nyumbani mtu ni wa ukoo fulani, wa dini fulani, wa mtaa fulani. Utaifa huukumbuka zaidi wakati wa mpira na uchaguzi. Akivuka mpaka, jina la nchi ndilo linalomtangulia. Anaanza kuulizwa mambo ambayo hajawahi kujiuliza, na anajikuta akijibu kwa niaba ya mamilioni ya watu wasiomtuma. Hapo ndipo penye mtego ninaouogopa kuliko yote, mwandishi kugeuka msemaji wa nchi. Ama ataipamba isidharauliwe, ama ataiponda ili wenyeji wake wapya wampokee vizuri. Nimesoma vitabu vya aina zote mbili, na mtu huvitambua mapema: mama na mwanawe wanagombana jikoni, wamepandisha sauti, na katikati ya ugomvi mama anasimama kueleza mila ambayo mwanawe ameijua tangu anatambaa. Maelezo yale si ya mtoto. Ni ya msomaji mgeni aliyekaa pembeni, na tangu hapo mimi msomaji wa kwao najua sikualikwa.

Nuruddin Farah hakunaswa na mtego huo. Mwaka 1976 alikuwa Rome akijiandaa kurejea Somalia. Akampigia simu ndugu yake, akaambiwa asithubutu, maana maandishi yake yalikuwa yameuudhi utawala wa Siad Barre. Hakuikanyaga tena nchi yake hadi 1996. Miaka yote hiyo alihama nchi hii akaingia ile, lakini riwaya baada ya riwaya alirudi kwenye Somalia ileile, na aliandika aibu zake bila kuomba radhi kwa yeyote.

Na sisi wasomaji wa Kiswahili tunaye Abdilatif Abdalla. Mashairi aliyoyatunga kifungoni Kenya kati ya 1969 na 1972 aliyaandika kwenye karatasi za chooni. Baada ya hapo aliishi Dar es Salaam, London, na Leipzig, alikofundisha Kiswahili kwa miaka mingi. Sijawahi kumsikia mtu akibisha kwamba yeye si wa Pwani. Nadhani ni kwa sababu hakuacha kuzungumza nasi, kwa lugha yetu na bahari zetu za ushairi. Ngũgĩ wa Thiong'o naye alikaa ughaibuni tangu 1982, akafia Marekani mwaka 2025, na huko huko aliendelea kutunga kwa Kikuyu.

Sisemi kwamba anayeandika kwa Kiingereza amejitoa katika watu wake. Milan Kundera alivuliwa uraia wa Czechoslovakia mwaka 1979, akapewa wa Ufaransa mwaka 1981, baadaye akahamia hata kwenye Kifaransa, na serikali ya Czech ikamrudishia uraia mwaka 2019. Riwaya zake kuhusu Prague hazikungoja karatasi hiyo.

Paradise, riwaya ya Gurnah iliyoingia orodha ya mwisho ya Booker, tuzo ya riwaya ya Uingereza, mwaka 1994, inamhusu Yusuf, mtoto anayechukuliwa na mfanyabiashara kufidia deni la baba yake. Imetufikia kwa Kiswahili mwaka 2022 kwa jina la Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis, ikachapishwa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota. Ubishi wetu wa 2021 ungeanzia hapo: kwa nini watu wa Pwani aliowaandika walisubiri miaka yote hiyo kumsoma kwa lugha yao, na ni nani atakayetafsiri vitabu vyake vilivyobaki? Tumsome Yusuf kwanza, kisha mwenye kutaka kubisha juu ya uraia wa aliyemwandika abishe.