Aliyepiga alikuwa anaenda au anarudi?

Juzi umeme ulikatika hapa Chumbageni tangu magharibi, joto lile mnalijua, tukatoka barazani mi na bibi kupunga upepo, nikaanza kumuonyesha picha kwenye simu badala ya kutunza chaji (najua, ujinga). Nikafika kwenye ile ya dunia nzima, duara la buluu na mawingu meupe, Afrika inaonekana vizuri na Bukini pembeni yake. Ilipigwa 7 Desemba 1972 na wanaanga wa Apollo 17, safari ya mwezini, wako mbali kama kilomita 29,000 hivi. Bibi akavaa miwani, akauliza Tanga iko wapi, nikamuonyesha mwambao wetu kwa kukadiria tu, akanyamaza kidogo halafu akasema, "Mume wangu, huyo aliyepiga alikuwa anaenda au anarudi?"

Nikakwama wallahi. Picha hii nimeiona tangu shule ya msingi na sijawahi kujiuliza hilo. Ikabidi nitafute, kumbe walikuwa wanaenda, masaa kama matano tu tangu waruke, mwezi bado uko mbali huko mbele. "Basi hiyo picha ya kuaga," akasema, kama vile kaijua siku zote.

Babu alikuwa baharia. Zamani mtu akipata meli anapita studio kwanza, anavalishwa koti la mwenye studio, anapigwa moja inabaki nyumbani, maana bahari haina ahadi. Kwa hiyo swali la bibi lilikuwa swali la mke wa baharia.

Sasa hapa ndo nataka kusema langu. Siku hizi watu wanashea sana picha za teleskopu ya James Webb, yale mavumbi ya rangi ya chungwa na nyota zimetapakaa, na ni nzuri sikatai, rangi zenyewe zimewekwa na wataalamu kwa sababu teleskopu ile inanasa mwanga wa infraredi ambao macho yetu hayauoni, sio uongo huo ni kama kutafsiri tu. Ila mi zinanipita. Naziangalia, nasema mashallah, naendelea na mambo yangu. Zinazonishika ni zile ambazo nyuma ya kamera kuna mtu na mtu huyo ana kwao.

Chukua ile ya 24 Desemba 1968. Apollo 8 wanauzunguka mwezi, kazi yao ni kupiga picha mashimo ya mwezi ili wenzao wajue pa kutua, mara dunia hiyo inachomoza dirishani, Bill Anders akapiga moja nyeusi na nyeupe halafu akaanza kuhimiza wenzie wampe filamu ya rangi haraka, haraka! Yani ni kama umetoka alfajiri kwenda Deep Sea kununua samaki, jua likachomoza baharini ukabaki umesimama na kikapu kitupu. Na ndo picha iliyobaki vichwani mwa watu, mashimo nani anayakumbuka.

Lakini ninayoipenda kuliko zote hata sio ya dunia. Aprili 1972 Charlie Duke wa Apollo 16 aliweka chini kwenye vumbi la mwezi picha ya familia, yeye na mkewe na wanawe wawili wa kiume, ndani ya plastiki, halafu akaipiga picha ikiwa imelala pale, akaiacha. Nikamwambia bibi iko kule mpaka leo, ila kule hakuna hewa wala wingu, jua likitoka linawaka kama wiki mbili mfululizo na joto linapita nyuzi 100, nadhani sasa hivi imebaki karatasi nyeupe tu.

"Si wangeifunika hata kwa kanga," akasema.

Nikacheka, yeye hakucheka. Umeme uliporudi aliingia ndani moja kwa moja, akasimama mbele ya picha ya babu iliyotundikwa mkabala na dirisha miaka nenda rudi, koti lote limeshafutika, umebaki ukingo wa tai na macho kwa mbali. Akaitoa kwenye msumari akaenda nayo chumbani kwake. Pale ukutani ilipokuwa kumebaki kipande cha mraba, rangi yake kijani kibichi kabisa, kijani ambacho mi sikuwahi kujua kwamba nyumba yetu ilikuwa nacho.